Je, wajua kwa nini bingwa wa kuskeiti kwa pea anaweza kukosa kazi akiwa fiti kabisa?

Wacha nianze na hii maana najua wengi hamjui. Kuna jamaa anaitwa Robin Szolkowy, babake Mtanzania, mamake Mjerumani, alizaliwa 1979 mji wa Greifswald, enzi zile Ujerumani Mashariki bado iko, na huyo kijana mwenye damu ya hapa tu kwa jirani ameshinda ubingwa wa dunia wa kuskeiti kwenye barafu mara 5. Mara tano watu wangu! 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Sisi hapa tunajua mbio na raga, hii ikatupita hivi hivi.

Lakini hakushinda peke yake, na swali la leo linaanzia hapo. Alikuwa anaskeiti kwa pea, yaani mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, na huo mchezo una maajabu yake, unaweza kuwa na afya, kipaji, kocha mzuri na miaka 10 ya mazoezi halafu kesho asubuhi huna kazi kwa sababu mwenzako ameamua inatosha. Kwani si utafute mwingine tu maisha yaendelee?

Mimi nilianza kuelewa siku niliyoenda Panari, pale Mombasa Road kwa ule uwanja wa barafu uliofunguliwa 2005. Nilikuwa na binamu yangu. Utotoni nilikuwa nateleza na viatu vya magurudumu pale Sunken car park kwa hivyo nilijiona fundi, na kweli peke yangu nilienda vizuri, reli niliiacha baada ya dakika chache hivi. Kisha binamu akasema tushikane mikono tuzunguke kama wale wa tivi. Eh! Yeye ana hatua yake mimi nina yangu, akavuta kushoto nikavuta kulia, tukaenda chini wote wawili, goti langu kwa mbavu zake, na mtoto wa kama miaka 8 akatupitia pembeni anacheka bila hata kujificha. Na hapo ni kushikana mikono tu, hakuna mtu amenyanyua mtu.

Sasa wenyewe wanafanya nini? Mwanaume anambeba mwanamke juu ya kichwa, mkono umenyooka wote, mara nyingine mmoja tu, na huku chini yeye anateleza akizunguka (sheria inamruhusu mizunguko isiyozidi mitatu na nusu). Kuna ile ya kumrusha juu hewani azunguke mara tatu akiwa amelala kama mshikaki kisha amdake kiunoni kabla hajagusa barafu. Kuna kumtupa mbele, anaruka mbali na lazima atue mwenyewe kwa mguu mmoja, tena akienda kinyumenyume. Halafu iko ile wanaiita mzunguko wa kifo, mwanaume amejikita katikati kama kigingi, amemshika mkono, na mwanamke anazunguka akiwa amelala, kichwa kiko karibu kabisa na barafu. Jina halikutolewa kwa mchezo. Na hakuna anayevaa helmeti.

Fikiria wale vijana wa sarakasi wa hapa Nairobi wanaopanda mabegani hadi wanakuwa mnara wa watu. Yule wa chini hatumii nguvu peke yake, anajua huyu wa juu anaegemea upande gani akichoka, anapumua saa ngapi, akiogopa anakaza mguu upi. Mweke mgeni pale juu, hata awe hodari namna gani, mnara unayumba. Sasa chukua huo mnara uuteleze kwa kasi juu ya vyuma vyembamba vya viatu, na muziki unacheza, na majaji wanaangalia kama mnatabasamu.

Ndio maana patna mpya ni kama kurudi darasa la kwanza. Urefu wa hatua, kina cha goti wakati wa kuruka, hata upande wa kuzunguka. Wengi huzunguka kwenda kushoto lakini wako wanaozunguka kulia, na mkikutana wawili tofauti, hapo kuna kazi kwelikweli. Zile miruko ya kufanya kila mtu peke yake mkiwa sambamba lazima ziende pamoja kama kivuli na mwenye kivuli, na huwezi kulifundisha hilo kwa mwezi mmoja.

Shida nyingine ni hesabu. Wasichana wanaoskeiti ni wengi, wavulana wachache, na kati ya hao wachache unatafuta mwenye mabega ya kubeba, mrefu kukuzidi vya kutosha, asiyekuogopesha, na anayekubali kuhamia kwa kocha wako au wewe uhamie kwake. Ukimpata ni dhahabu, na mara nyingi yuko nchi nyingine. Hapo ndipo unaona watu wanabadilisha bendera kama wengine wanavyobadilisha laini ya simu. Vanessa James, dada mweusi, alianza akiskeiti peke yake chini ya Uingereza, akaenda Ufaransa akapata patna anaitwa Yannick Bonheur, na Olimpiki ya 2010 wakawa pea ya kwanza ya weusi kushindana pale. Baadaye na Morgan Ciprès akawa bingwa wa Ulaya 2019. Baadaye tena akaungana na Eric Radford, safari hii chini ya Canada, wakachukua shaba ya dunia 2022. Nchi tatu, na si ati alikuwa msaliti, alikuwa anafuata mkono wa kumshika.

Kuna pia mambo ya imani, na hii ndio inanigusa zaidi. Oktoba 2004 kule Pittsburgh, Maxim Marinin alimwangusha patna wake Tatiana Totmianina kutoka juu kabisa, kichwa kikapiga barafu, akatolewa kwa machela. Nauliza, wewe ungerudi kwa mikono ile ile? Yeye alirudi. Machi 2005 walikuwa mabingwa wa dunia, na 2006 wakachukua dhahabu ya Olimpiki. Mimi binamu yangu hadi leo hataki nimshike mkono hata tukivuka barabara.

Wengine wanashikana tangu utotoni. Ekaterina Gordeeva aliwekwa na Sergei Grinkov akiwa na miaka 10, Sergei 14, na 1988 wakashinda dhahabu ya Olimpiki dada akiwa na miaka 16 (siku hizi hangeruhusiwa, umri wa chini kwa wakubwa umepandishwa hadi 17). Wakaoana, 1994 wakashinda tena. Novemba 1995, katikati ya mazoezi huko Lake Placid, moyo wa Sergei ukasimama, alikuwa na miaka 28. Gordeeva alirudi barafuni miezi michache baadaye, akaskeiti peke yake.

Turudi kwa Szolkowy, maana stori yake inaonyesha hii kazi yote. Mwanamke aliyeshinda naye zile mara tano anaitwa Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine. Alishawahi kwenda Olimpiki ya 2002 na Mukraine mwenzake, wakaachana, na 2003 akafunga virago akahamia Chemnitz, Ujerumani, kumfuata huyu mtoto wa Mtanzania. Miaka 11 pamoja. Mataji 5 ya dunia, shaba mbili za Olimpiki, 2010 na 2014, na dhahabu waliyoitaka haikuja. Baada ya 2014 Szolkowy akasema imetosha, akastaafu, baadaye akawa kocha. Ni haki yake. Lakini Savchenko alikuwa na miaka 30, mwili unamtii, hajamaliza, na patna hana.

Akampata Mfaransa, Bruno Massot. Shirikisho la kwao likakawia kumwachilia, wakakaa zaidi ya mwaka wanafanya mazoezi bila kushindana pamoja. Kushindana ubingwa wa dunia, inatosha mmoja wenu awe raia wa nchi mnayoiwakilisha. Olimpiki inataka wote wawili. Kwa hivyo huyu jitu la watu, linaloweza kumrusha mtu hewani na kumdaka, likaketi chini kusoma Kijerumani lifanye mtihani wa uraia, na likafeli. Likarudi kusoma. Lilipata uraia Novemba 2017, Olimpiki ni Februari 2018. Unaona hiyo presha?

Pale Pyeongchang siku ya kwanza Massot alikosea, mruko wa mizunguko mitatu akafanya miwili. Wakashika nambari 4, pointi karibu 6 nyuma ya Wachina Sui Wenjing na Han Cong. Siku ya pili wakatoka mapema kuliko hao wengine watatu, wakateleza dakika nne na nusu nafikiri hata muziki ulisahaulika, pointi 159.31, rekodi ya dunia wakati huo. Kisha wakakaa kungoja wengine wamalize. Savchenko ana miaka 34, hiyo ni Olimpiki yake ya 5.

Walishinda kwa pointi 0.43. Na kama Massot angefeli ule mtihani wa Kijerumani mara nyingine, hata viatu hawangevaa.