Ubalozi unaangalia pasi, hauangalii sura: tujifunze kwa Wationghoa wa Indonesia

Kila ikifika Mei zile picha za ghasia za Jakarta ya 1998, waliposhambuliwa Wationghoa, yaani watu wa Indonesia wenye asili ya Kichina, zinaanza kuzunguka tena kwenye magrupu, na dawati letu la sheria linapokea swali lile lile: China ilikuwa wapi wakati watu wake wanachomewa maduka? Najua mnauliza kwa uchungu na nia njema kabisa, ila hilo neno "watu wake" ndo linalotuharibia hesabu, na nimeshalijibu mara nyingi mno kwahiyo leo naliandika lote.

Wengi wa wale walioshambuliwa walikuwa raia wa Indonesia. Wamezaliwa pale, baba zao wamezaliwa pale, wengine hata Kichina hawakijui. Sheria ya uraia ya China ya 1980 kifungu cha 3 haitambui uraia pacha, na cha 9 kinasema Mchina aliyehamia nje akachukua uraia wa huko kwa hiari yake, ule wa China unaondoka wenyewe, hakuna fomu wala barua ya kusubiri. Huyo sasa ni mgeni mbele ya Beijing, awe anaitwa Tan au Lim haijalishi. Yule Mchina mnayemuona Kariakoo au kwenye barabara za Nairobi ana pasi ya China, huyo ni habari nyingine, akikamatwa leo Mkataba wa Vienna wa 1963 kifungu cha 36 unataka polisi wamwambie bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe, akitaka wanajulishwa, na afisa wa ubalozi anaruhusiwa kumtembelea, kuongea naye na kumtafutia wakili. Kumtoa lokapu kwa nguvu hawezi. Narudia, hawezi, maana hata hili watu wanadhani linawezekana.

Zamani mambo yalikuwa yamechanganyika kweli. China ya kale ilihesabu damu ya baba, Indonesia ikahesabu waliozaliwa kwake, watu kibao wakajikuta na uraia mbili bila kuomba. Ndo maana Aprili 1955 pale Bandung, Indonesia, waziri mkuu wa China Zhou Enlai akasaini mkataba na Indonesia kwamba kila mmoja achague upande mmoja, ukaanza kazi 1960 ukiwa na muda wa miaka miwili, unaenda mbele ya afisa unatamka. Ukikaa kimya ulihesabiwa kufuata asili ya baba. Wapo waliokaa kimya wakidhani kuzaliwa pale kunatosha. Na huku amri ya 1959 ilikuwa imeshawakataza wageni kufanya biashara ya rejareja vijijini, basi 1960 China ikatuma meli na zaidi ya watu laki moja wakaondoka. Meli zilikuja, ndio, sababu Beijing ilikuwa bado inawahesabu kama raia wake.

Ila kinachoniuma zaidi ni waliochagua Indonesia. Walichagua, wakaapa, alafu wakadaiwa cheti cha kuthibitisha uraia, kinaitwa SBKRI, kitu ambacho jirani yake Mjava, wa kabila kubwa la huko, hakuwahi kuulizwa. Unataka pasi, lete SBKRI. Kitambulisho, lete. Chini ya Rais Suharto shule za Kichina zilifungwa, watu wakasukumwa wabadili majina, na agizo namba 14 la 1967 likawazuia kusherehekea sikukuu zao hadharani. Susi Susanti na Alan Budikusuma, wote Wationghoa, ndo walioiletea Indonesia dhahabu zake za kwanza za Olimpiki, Barcelona 1992. Hendrawan alikuwa bingwa wa dunia wa badminton 2001 na bado akahangaika na hicho cheti mpaka suala likafika kwa Rais Megawati. Na Suharto alikuwa ameshakifuta kwenye karatasi tangu 1996! Makarani waliendelea kukidai tu, kaunta ikawa na sheria yake.

Sasa 1998, kuanzia Mei 13 mpaka 15, walikufa zaidi ya watu 1,000, na tusisahau wengi wao walikuwa maskini walionaswa ndani ya maduka makubwa yanayoungua. Wanawake wa Kitionghoa walibakwa, tume ya uchunguzi ya serikali yenyewe iliandika hivyo. Beijing ilieleza wasiwasi na kuitaka Jakarta iwalinde. Anayeona hiyo ni ndogo aelewe kwamba mwenye jukumu ilikuwa serikali ya Jakarta, na hiyo ndo iliyoshindwa.

Rais Abdurrahman Wahid, maarufu Gus Dur, alifuta lile agizo la 1967 mwaka 2000. Sheria ya uraia ya 2006 ikaondoa ubaguzi wa asili, aliye raia tangu kuzaliwa na hajawahi kuchukua uraia mwingine kwa hiari ni mwenyeji, basi, na afisa anayempotezea mtu uraia kwa uzembe alipangiwa kifungo mpaka mwaka 1, akikusudia mpaka miaka 3. Ile ya 2008 ya kufuta ubaguzi wa rangi na kabila ilipopitishwa iliweka mwaka 1 au faini mpaka rupia milioni 100 kwa kubagua, na miaka 5 au rupia milioni 500 kwa kueneza chuki, au vyote viwili kwa pamoja. Tume ya haki za binadamu ya huko, Komnas HAM, ndo imepewa kusimamia.

Januari 2023 Rais Joko Widodo alikiri hadharani kwamba Mei 1998 ni kati ya makosa 12 mazito ya haki za binadamu yaliyotokea nchini mwake. Waliopanga hawajafikishwa mahakamani mpaka leo, kwahiyo mkitaka kuuliza swali, liulizeni Jakarta.