Padi Mpya, Breki Mbovu: Maelezo kwa Wanaojitengenezea Breki Nyumbani

Kila msimu wa watu kusafiri kwenda vijijini unapokaribia, ukaguzi wa magari barabarani huongezeka, na malalamiko huongezeka pamoja nao. Linaloongoza ni hili: "Nimebadilisha padi juzi na risiti ninayo, kwa nini gari langu limeandikwa kuwa katika hali ya hatari?" Sisi tunaokagua magari tunaamini wengi wanaouliza hivyo wanasema kweli. Padi, yaani vipande vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame, ni mpya. Breki ndizo mbovu.

Sheria ya Uganda ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 haiangalii nani alifunga padi, bali gari lililoko barabarani. Kwa hiyo hatumzuii mwenye gari kushika spana uani kwake. Tunachoomba ni kwamba akiianza kazi aimalize, kwa sababu kubadilisha padi ni sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe.

Tuanze dukani. Ukienda Kisekka au Ndeeba, kwenye maduka ya vipuri ya Kampala, beba padi ya zamani na namba ya chesi. Toyota Premio mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutumia padi tofauti kulingana na mwaka na injini, na muuzaji anayesema "hii inaingia zote" anakuuzia matatizo. Kagua ukingo wa padi. Watengenezaji wengi huchapa herufi mbili zinazoonyesha nguvu ya msuguano, ya kwanza breki ikiwa baridi na ya pili ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G huanzia hapo hadi 0.55. Kwa gari dogo la familia, FF inatosha. EE inaweza kukutosha mjini kwenye foleni, lakini si kwa anayeteremka mlima wa Kanaba, Kisoro, na gari lililojaa watu na mizigo. Padi isiyo na maandishi yoyote, au inayomeguka ukiiparua kwa ukucha, irudishe kabla hujatoka dukani. Nunua pia grisi maalumu ya breki, na mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kitangi chake. Nusu lita hutosha kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, kwa magurudumu yote manne. Ukitaka kubadilisha mafuta yote, nunua lita nzima.

Padi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 bila kuhesabu bati la nyuma. Ikibaki milimita 3, ibadilishe. Kile kibati kinachopiga yowe kimewekwa makusudi kukuonya, na bado tunayakuta magari ambayo kibati kimekunjwa "ili kelele iishe". Badilisha padi za magurudumu yote mawili ya ekseli moja kwa wakati mmoja, hata kama za upande mmoja bado nene. Diski nayo ipimwe. Unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa juu yake, kwa kawaida baada ya maandishi MIN TH. Si lazima diski ichongwe kila unapobadilisha padi, lakini yenye mifereji mirefu padi mpya itaishika kwa vipande tu.

Gari liwe juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa kabari. Hapo hatuna la kuongeza. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo, kwa kuwa baadhi ya padi za zamani na za bei rahisi zina asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Ukishafungua kalipa, yaani kifaa kinachoshikilia padi na kuzibana kwenye diski, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, kwani mpira huo huchanika kwa ndani na nje hauonyeshi chochote. Kisha pistoni, kile kisukumio cha padi kilicho ndani ya kalipa, irudishwe ndani. Hapa ndipo wanaopenda kuongeza mafuta ya breki kila taa inapowaka hupata majibu yao. Padi zinapolika, pistoni hutoka nje na mafuta hushuka kwenye kitangi. Gari halijavuja, linakuambia padi zimekwisha. Ukijaza hadi juu, siku ya kurudisha pistoni mafuta yatafurika na kubabua rangi ya gari. Yakimwagika, mwagia maji mengi mara moja. Njia iliyo safi zaidi ni kuvalisha mpira mwembamba kwenye nipo (skrubu ndogo ya kalipa inayotoa mafuta na upepo), kuifungua kidogo, kusukuma pistoni polepole kwa kilampu (kibanio), na kuifunga nipo kabla hujaachia. Mafuta machafu yaliyokaa nyuma ya pistoni yatatoka nje badala ya kurudi kwenye mitambo ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki. Ukifanya hivyo, kutoa upepo baadaye ni lazima.

Kwenye baadhi ya magari yenye diski nyuma, pistoni ya nyuma haisukumwi, inazungushwa, kwa sababu hendibreki imo ndani yake. Ukiilazimisha kwa kilampu utaivunja. Gari lenye hendibreki ya kitufe lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Sasa pini. Tungekuwa na nafasi ya kueleza jambo moja tu, lingekuwa hili. Kalipa nyingi za magari tunayoendesha huteleza juu ya pini mbili. Pistoni husukuma padi ya ndani, kisha kalipa yenyewe husogea na kuivuta padi ya nje. Pini zikikwama kwa kutu au grisi kavu, padi moja hufanya kazi peke yake. Zitazame padi ulizozitoa: kama moja imebaki na milimita 2 na mwenzake ana 7, tatizo halikuwa padi, na padi mpya zitaishia vivyo hivyo. Gari la namna hiyo ndilo linalovuta upande mmoja ukikanyaga breki, na ndilo mkaguzi analoandika huku mwenyewe anaonyesha risiti. Chomoa pini zote mbili, zifute hadi zing'ae, angalia kama mipira yake ya vumbi haijapasuka, kisha paka grisi ya breki kwa kiasi kidogo. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira, na pini itakwama tena baada ya muda mfupi. Pini moja ikiwa na kipande cha mpira kwenye ncha, irudishe kwenye tundu ililotoka, usizibadilishane.

Padi nazo hukaa kwenye vibati vya chuma, na kutu hujificha chini ya vibati hivyo. Vitoe, sugua kiti chake kwa brashi ya waya, virudishe au weka vipya. Padi ikae na kuteleza kwa kusukumwa na kidole. Ikigoma, usiipige nyundo wala usiisage masikio, sugua tena. Grisi isiguse uso wa padi wala diski.

Kwa Toyota nyingi ndogo, bolti za pini za kalipa hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 34, za kiti cha kalipa 107, na nati za gurudumu 103. Bolti ya pini ni ndogo, na wengi huivunja kwa kurefusha spana kwa bomba. Kama gari lako lina kitabu, kifuate hicho.

Kabla ya kuwasha injini, kanyaga breki mara nyingi hadi pedali ikaze. Pistoni ziko mbali na padi, na pedali ya kwanza itafika chini bila kushika kitu. Watu wamegonga kuta za nyumba zao kwa kusahau hatua hii.

Kutoa upepo si sehemu ya lazima ya kubadilisha padi. Kama hukufungua nipo wala mpira wowote, na pedali ilikuwa ngumu tangu mwanzo, hakuna upepo ulioingia, na fundi anayekutoza kwa kazi hiyo anakutoza bure. Inahitajika pale mfumo ulipofunguliwa, pedali inapokuwa laini kama sponji, au mafuta yalipozeeka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hufikia joto hilo, mafuta yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa badala ya kusukuma pistoni. Ndiyo maana tunashauri yabadilishwe kila miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine. Mafuta ya injini au ya usukani usiyatie kabisa, hata kijiko kimoja: huvimbisha sili zote (mipira inayozuia mafuta kuvuja), na utanunua upya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), kalipa na mipira.

Kazi ya kutoa upepo inahitaji watu wawili na injini iliyozimwa. Usukani wetu uko kulia na masta silinda kwa kawaida iko upande huo, kwa hiyo kwa magari mengi unaanza gurudumu la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, unamaliza mbele kulia. Mtengenezaji akitoa mpangilio mwingine, fuata wake. Valisha nipo mpira unaopitisha mwanga, ncha nyingine iwe ndani ya chupa yenye mafuta safi kidogo. Mwenzako akanyage polepole mara tatu au nne, kisha ashikilie. Fungua nipo robo hadi nusu ya mzunguko, acha mafuta na viputo vitoke, funga, ndipo umwambie aachie. Akiachia kabla hujafunga, umevuta upepo upya. Rudia hadi mafuta yatoke safi bila kiputo. Kila baada ya duru nne au tano tazama kitangi. Kikikauka, unaanza upya kote. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni, kwa sababu kwenye gari kuukuu sili za masta silinda zitapita mahali penye kutu ambapo hazijawahi kufika, na zitakatika.

Nipo iliyoshika kutu ipuliziwe mafuta ya kulegeza mapema, na ifunguliwe kwa spana ya duara, 8 au 10, si koleo. Na kama umetoa upepo mchana kutwa na pedali bado laini, tazama nipo imekaa wapi. Lazima iwe juu ya kalipa. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana, nipo huangalia chini na upepo hautatoka kamwe.

Pedali inayoshuka sana mara ya kwanza na kupanda ukikanyaga mara ya pili, kwa gari lenye breki za ngoma nyuma badala ya diski, mara nyingi haina upepo. Viatu vya breki viko mbali na ngoma na vinahitaji kurekebishwa. Watu humaliza lita nzima ya mafuta kabla ya kufungua ngoma.

Magari ya mseto, yanayotumia petroli na betri, kama Prius na Aqua, msiyatolee upepo nyumbani. Breki zake zinaendeshwa na kompyuta, na pampu yaweza kujiwasha kwa kufungua tu mlango. ABS iliyoingiwa na upepo nayo inahitaji mashine.

Ukimaliza, kanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, shikilia, kisha washa. Pedali ishuke kidogo na kusimama. Hapo busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, inafanya kazi. Ikiendelea kuzama polepole chini ya mguu, kuna uvujaji au masta silinda imechoka, na gari lisitoke. Ikisimama, nenda barabara tulivu asubuhi mapema, punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara kama 20, ukiacha breki zipoe kati ya mara moja na nyingine na bila kusimama kabisa.

Kuhusu hatua za kisheria, tunaomba yaeleweke mara moja, maana maswali ni yaleyale. Ofisa wa trafiki akikuta breki mbovu anaweza kukuandikia notisi ya faini ya papo hapo kwa kuendesha gari lenye hali ya hatari. Soma notisi kabla hujaondoka: namba ya gari, kosa, tarehe. Faini hulipwa benki kwa kumbukumbu iliyo kwenye notisi, ndani ya muda ulioandikwa humo. Hailipwi mkononi mwa ofisa, na anayelipa mkononi asitulalamikie kwamba notisi bado inadai. Usipokubaliana na kosa, una haki ya kwenda mahakamani. Kulipa faini hakutengenezi breki: gari lililozuiwa litabaki limezuiwa hadi litengenezwe na kukaguliwa, na ukikamatwa tena na kasoro ileile, hilo ni kosa jipya.

Ikitokea ajali, gari hupelekwa kituoni na mkaguzi wa magari hulipima kabla ya kuachiliwa. Ripoti yake hutenganisha kasoro zilizokuwapo kabla ya ajali na zilizoletwa na ajali. Pini iliyoshika kutu haijaanza kushika siku ya ajali, na "breki zilikatika ghafla" ni maelezo ambayo mara chache yanalingana na tunachokikuta. Ukija kukaguliwa upya, leta risiti za vipuri, padi ulizozitoa, na kitambulisho chako.

Mafuta yaliyotoka ni sumu. Usiyahifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ambayo mtoto anaweza kuifungua, wala usiyamwage mtaroni. Yafunge kwenye chombo chenye alama, uyapeleke gereji inayokusanya oili chafu. Chupa ya mafuta mapya iliyokwisha kufunguliwa isihifadhiwe kwa matengenezo ya mwakani.