Vimeng'enya vya mmea na vya kuvu: nini hutokea maharage yakishikwa na chule

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Kwenye magonjwa ya mazao kazi yake kubwa ni kukata: kuvu hukata ukuta wa seli ya mmea, na mmea hukata ukuta wa kuvu.

Chukua chule ya maharage, ugonjwa wa kuvu unaostawi nyanda za juu kusini msimu ukiwa wa baridi na manyunyu. Kuvu yake, Colletotrichum lindemuthianum, hupenda nyuzi joto 13 hadi 26 na majani yaliyolowa. Siku za mwanzo huishi ndani ya seli hai bila kuiua, na jani huonekana zima. Kisha hubadilika na kumwaga poligalakturonasi, kimeng'enya kinachokata pektini, yaani gundi inayoshikanisha seli. Hapo ndipo vishipa vya chini ya jani huwa vyekundu kama tofali, halafu vyeusi, na maganda hupata vidonda vilivyobonyea.

Ukuta wa seli ya harage una protini inayoikamata poligalakturonasi na kuipunguza kasi. Ilielezwa mwaka 1971. Wengi hudhani inazuia tu, kumbe faida yake nyingine ipo kwenye urefu wa vipande. Pektini ikikatwa kwa kasi hubaki vipande vya sukari moja hadi tatu, visivyo na nguvu ya kuushtua mmea kama vile virefu. Ikikatwa polepole, vipande vya sukari 10 hadi 15 hivi hudumu, na hivyo ndivyo seli huvisoma kama dalili ya uvamizi.

Seli ikishtuka hutoa vimeng'enya vya kitinasi na glukanasi, ambavyo hukata kitini na glukani, yaani minyororo ya sukari inayojenga ukuta wa kuvu. Kuvu nazo zina ujanja wao. Baadhi hufunika kitini kwa protini, nyingine huigeuza kuwa kitosani ambayo kitinasi huikata kwa shida. Fusarium verticillioides, inayoozesha magunzi ya mahindi, hutoa kimeng'enya kinachoikata kitinasi ya mahindi yenyewe.

Shambani, kalsiamu hufunga minyororo ya pektini na kuufanya ukuta uwe mgumu kukatwa. Kwenye udongo wenye tindikali, kama sehemu nyingi za Njombe na Mufindi, chokaa husaidia, ila pima pH (kiwango cha tindikali) kwanza. Haifidii mbegu chafu: chule husafiri ndani ya mbegu, kwa hiyo chambua zenye mabaka ya kahawia, na usipalilie majani yakiwa na umande.

Usihamishie maelezo haya yote kwenye viazi mviringo. Kimelea cha bakajani chelewa, Phytophthora infestans, si kuvu halisi. Ukuta wake ni wa glukani na selulosi, kitini karibu haimo, hivyo kitinasi haina cha maana cha kukata. Hata dawa za jamii ya triazoli, zinazotibu kutu ya ngano kwa kuzuia kuvu kutengeneza steroli (aina ya mafuta ya utando wa seli), hazikifai, kwa sababu chenyewe hakitengenezi steroli. Kwa viazi tafuta kwenye kibandiko dawa ya kinga kama mankozebu, na ipulizwe kabla mabaka hayajaonekana.