Maumivu ya Nyonga ya Muda Mrefu: Maswali ya Wanawake wa Lamu kuhusu Dawa

Maumivu haya hutokana na nini?

Maumivu ya chini ya kitovu au ndani ya nyonga yaliyodumu miezi 6 au zaidi, hata kama huja na kuondoka, huhesabiwa kuwa ya muda mrefu. Yaweza kutokana na endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, au maambukizi ya zamani ya mirija ya uzazi, au kibofu, utumbo na misuli ya nyonga iliyokaza. Kwa hiyo dawa iliyomtuliza jirani yako huenda isikufae wewe.

Nianze na dawa gani?

Parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, humezwa kila baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku nzima. Ibuprofeni miligramu 400 humezwa mara 3 kwa siku pamoja na chakula. Kama maumivu yako hufuata hedhi, anza ibuprofeni siku moja kabla au mara tu dalili zinapojitokeza, kwa sababu dawa hii huuzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoukaza mji wa mimba; ukingoja mpaka umejikunja kitandani, umeshachelewa. Diklofenaki ni ya jamii moja na ibuprofeni, basi usizichanganye. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na mjamzito, asizitumie bila idhini ya daktari.

Na katika Ramadhani?

Anayefunga apange dozi zake baina ya futari na daku, kila dozi baada ya kula. Siku za hedhi mwanamke hafungi, lakini wako wanaoona haya kula mchana mbele ya watu wa nyumbani, wakaimeza ibuprofeni na tumbo likiwa tupu. Tafadhali usifanye hivyo. Mahamri mawili na kikombe cha maziwa jikoni ni stahiki yako, na tumbo lako linayahitaji.

Binti yangu hajaolewa, naye ameandikiwa vidonge vya kupanga uzazi. Je, ni sawa?

Ni sawa, mama, na ninaomba asihukumiwe kwa hilo. Homoni zilizomo kwenye vidonge hivyo hupunguza au kusimamisha hedhi, na kwa endometriosisi ni miongoni mwa tiba za mwanzo. Hazimfanyi mtu tasa: akiacha vidonge uwezo wa kushika mimba hurudi, ingawa kwa sindano ya uzazi ya miezi 3 huenda ukachelewa hata mwaka. Vidonge vyenye estrojeni, mojawapo ya homoni hizo, havimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mishipani, au anayeumwa kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Huyo atapewa vyenye homoni ya projestojeni pekee.

Nimepewa amitriptilini. Je, daktari anadhani nina ugonjwa wa akili?

La. Ni kweli dawa hii hutumiwa pia kutibu sonona, lakini hapa kazi yake ni nyingine: maumivu yakidumu, mishipa ya fahamu huzoea kupeleka ishara ya uchungu hata pasipo jeraha jipya, na dawa hii kwa dozi ndogo huituliza. Kwa kawaida huanzwa kwa miligramu 10 usiku, ikaongezwa polepole, nayo huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu. Hukausha kinywa, huleta usingizi na kufunga choo, usiiache ghafla. Gabapentini, dawa ya kifafa na ya maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo iliwahi kutumainiwa, lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 haukuona kuwa inashinda kidonge kisicho na dawa kwa wanawake ambao chanzo cha maumivu yao hakikuonekana.

Vipi antibiotiki na tramadoli za dukani?

Antibiotiki hutibu maambukizi tu. Kuzirudia kila mwezi bila kupimwa ni kupoteza pesa na kuzizoesha bakteria dawa hizo. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, huleta uraibu, na si dawa ya kununuliwa bila cheti cha daktari.

Ni wakati gani nisisubiri?

Maumivu makali ya ghafla kwa aliyekosa hedhi yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hayo, au kuzimia, au homa kali yenye uchafu ukeni, hayangoji boti ya asubuhi: aliye Faza au Kizingitini atafutiwe chombo usiku huo huo afikishwe hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Anayetoka damu baada ya kukoma hedhi naye apimwe bila kuchelewa, hata kama hana maumivu makali.