Mkaguzi wa seli huanza na kitabu

Tunapofika kituo cha polisi bila kutarajiwa, hatuombi kwanza kuonyeshwa seli. Tunaomba kitabu cha mahabusu pamoja na OB, yaani kitabu cha matukio ya kituo. Tunasoma majina, saa ya kukamatwa, kosa, na siku mtu anayopaswa kufikishwa mahakamani. Kisha tunaingia ndani na kuhesabu vichwa.

Kitabu kikiwa na watu tisa na seli ikawa na kumi na mmoja, hao wawili ndio tunaowatafuta kwanza. Mtu asiyeandikwa anaweza kupigwa, kuhamishwa usiku, hata kufa, na pasiwe na karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kupita hapo. Kwa hiyo huwa nawaambia wakaguzi wapya: uchafu wa ukutani mtaukuta hata kesho, lakini jina linaweza kuongezwa kitabuni ninyi mkinywa chai ofisini kwa OCS, mkuu wa kituo.

Tunatazama hata wino. Katika kituo kimoja nilikuta kumbukumbu za siku tatu zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ilhali zamu zilikuwa zimebadilika mara kadhaa. Kijana mmoja aliandikwa kuwa amekamatwa Jumatano asubuhi. Yeye alisema yumo tangu Jumatatu, na akakumbuka kwamba dada yake alimletea uji na chapati siku hiyohiyo jioni. Tulipompigia dada, alituambia saa aliyofika na jinsi askari aliyepokea chakula alivyokuwa. Kwa ushahidi huo wa chapati tulijua kwamba Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kilikuwa kimevunjwa: mtu aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi wa mahakama.

Mazungumzo na mahabusu ni kazi nyeti kuliko zote. Kanuni za Mandela kuhusu kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinampa mkaguzi wa magereza kutoka nje uhuru wa kuchagua gereza la kutembelea, kufika bila taarifa, na kuzungumza faraghani na mfungwa amtakaye. Sisi huzungumza na wengi, hata wale wasio na malalamiko. Ukimwita mmoja tu kando, umekwisha kumtaja. Jioni utaondoka na gari lako, naye atabaki mikononi mwa watu aliowasema.

Wakenya tuna sababu ya kuujali ukaguzi huu. Miaka ya 1980, watu waliteswa katika seli za chini ya ardhi za Nyayo House, katikati ya Nairobi, wengine wakifungiwa katika vyumba vilivyomwagwa maji. Wananchi waliingia na kutoka jengo hilohilo kwa shughuli zao za kila siku. Hakukuwa na mtu wa nje mwenye mamlaka ya kusema: nifungulieni mlango huu.

Leo wapo. Sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, na kuipa kazi ya kukagua vituo pamoja na seli zake. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hutembelea magereza. Hata hivyo Kenya bado haijajiunga na Itifaki ya Hiari ya mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso, iliyoanza kutumika mwaka 2006, ambayo huitaka nchi iwe na chombo maalumu cha ukaguzi wa mahali pote watu wanapozuiliwa. Rwanda ilijiunga mwaka 2015. Kwa maoni yangu, tumechelewa mno.

Ndugu yako akikamatwa, uliza namba ya OB na uiandike. Andika jina la kituo, siku na saa uliyofika, na namba ya kazi ya askari uliyezungumza naye ukiiona kwenye sare yake. Ukiambiwa hayumo, andika pia nani amekuambia hivyo na saa ngapi, kisha utoe taarifa kwa IPOA au kwa Tume siku hiyohiyo. Na ukimpelekea chakula, andika ulichopeleka na aliyekipokea.