Kuchanganya klasi: unachopata na unachokichelewesha

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kila mhusika ana klasi, yaani kazi anayoijua: mpiganaji, mwizi, mbabe, mchawi msomi, kasisi, manju na wengineo. Hupanda ngazi kuanzia 1 hadi 20, na kila ngazi humwongezea kitu. Kuchanganya klasi ni kuamua kwamba ngazi inayofuata itaingia kwenye kazi nyingine. Mpiganaji wa ngazi ya 3 akipanda na kuchagua uchawi, hawi mchawi wa ngazi ya 4. Anakuwa mpiganaji wa 3 na mchawi wa 1, jumla 4.

Kwenye hiyo jumla ndipo wageni wengi wa meza zetu hapa Kisumu huteleza. Bonasi ya umahiri, yaani nyongeza unayoipata kwenye dadu kwa mambo unayoyamudu, hufuata jumla, sawa. Lakini karibu kila kitu kitamu hufuata ngazi za klasi moja moja. Mathalani, nafasi ya kwanza ya kuongeza alama za sifa (nguvu, wepesi, akili na kadhalika) huja katika ngazi ya 4 ya klasi. Ukiwa na 3 huku na 3 kule, umefika ngazi ya 6 na hujaionja.

Kanuni za mwaka 2014, ambazo ndizo ninazozifuata hapa, zinaliacha jambo hili kwa hiari ya msimamizi wa mchezo. Akikubali, unatakiwa uwe na alama 13 katika sifa kuu ya klasi unayotoka na ya ile unayoingia. Mchawi msomi anadai akili, kasisi hekima, mpiganaji nguvu au wepesi. Paladini, yaani shujaa mtakatifu aliyekula kiapo, ni mchoyo: anataka nguvu na haiba, zote mbili.

Ngazi ya kuogopa ni ya 5. Hapo mpiganaji, mbabe na paladini hupata shambulio la pili katika zamu moja, na mchawi msomi anaweza kujifunza kurusha mpira wa moto unaoumiza kwa dadu 8 za pande sita. Wewe uliyegawanya 3 na 2 unakaa ukiwatazama wenzako. Tena mashambulizi hayo ya pili hayajumlishwi: mbabe wa 5 akiwa pia mpiganaji wa 5 bado anashambulia mara mbili tu. Watu hupenda kuchora mhusika wa ngazi ya 20 atakayetisha dunia, ilhali kampeni, yaani hadithi ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao, ya wanafunzi, iwe Maseno au Egerton kule Njoro, huweza kuuawa na likizo tu kabla hata joka halijaonekana. Mimi humpima mhusika kwa jinsi atakavyokuwa wiki ijayo.

Mchanganyiko ninaoupenda ni mbabe na mwizi, ingawa kwa jina unaonekana kichekesho. Pigo la hila la mwizi, yaani maumivu ya ziada anayomwongezea adui, linadai silaha ya mbali kama upinde au silaha nyepesi kama upanga mwembamba, ile inayoweza kutumiwa kwa nguvu au kwa wepesi. Halisemi lazima utumie wepesi. Kwa hiyo mbabe anaushika upanga huo, anapiga kwa nguvu zake, na bonasi ya hasira, ile ghadhabu anayoiwasha vitani ili aumize zaidi, inaingia. Kuanzia ngazi ya 2 anaweza kushambulia bila kujilinda: anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa, jambo ambalo ndilo linalofungua pigo la hila. Maadui nao watampata kirahisi, ila hasira inapunguza kwa nusu maumivu ya kukatwa, kuchomwa na kupondwa. Fika mbabe wa 5 kwanza, kisha ingia wizini.

Mbabe na mchawi, hapana. Akiwa na hasira hawezi kufanya uchawi wala kuushikilia ule aliokwisha kuuanzisha. Klasi mbili nzuri, lakini hazifanyi kazi kwa wakati mmoja.

Mpangilio nao una uzito. Ukianza mpiganaji halafu ukahamia uchawi, unapata deraya nzito na umahiri wa ustahimilivu, unaosaidia uchawi wako usikatike ukipigwa. Ukianza mchawi ukaja upiganaji baadaye, hivyo viwili huvipati. Gharama yake ni kwamba kila uchawi mpya utakufikia ngazi moja nyuma ya wenzako, na hilo halina dawa.

Paladini aliyefunga agano na nguvu za giza pia anasifika sana, kwa kuwa wote wawili huishi kwa haiba, na nafasi za uchawi wa agano, yaani idadi ya mara anazoweza kuutumia, hurudi baada ya pumziko fupi, naye anaweza kuzichoma kuongezea mapigo yake matakatifu. Kabla hujamwandika, muulize msimamizi wenu huwapa mapumziko mangapi. Kwenye meza ya mtu anayewakimbiza vita hadi vita bila hata kukaa chini, bora ubaki paladini mtupu.