Filamu Haiuzwi, Hukodishwa: Dhana Potofu za Watayarishaji wa Kanda ya Ziwa

Watayarishaji wengi wanaokuja ofisini kwangu hapa Kirumba, diski ngumu mkononi, huanza na maneno yaleyale: "Nimemaliza filamu yangu, natafuta wa kumuuzia." Kazi yangu ni kuziandaa filamu ziweze kupokelewa na wasambazaji, na kuisoma mikataba kwa niaba ya wenye filamu. Maneno hayo nimeyasikia hadi yamenichosha, na kwa kuwa siwezi kumrudia kila mmoja maelezo ya saa nzima, nimeona niyaandike.

"Kuuza filamu ni kukabidhi masta na kupokea fedha"

Dhana hii ina asili yake, na kwa wakati wake haikuwa ya kipumbavu. Enzi za kaseti za VHS, na baadaye VCD na DVD, biashara ya filamu za Kibongo iliendeshwa kutoka Kariakoo. Mtayarishaji alipanda basi na masta yake, yaani nakala mama ya filamu, msambazaji akaitazama, akataja bei, wakaagana. Msambazaji ndiye aliyechapa kava, akarudufu diski na kuzipeleka mikoani, na mtayarishaji alirudi nyumbani na fedha taslimu kuanza kazi nyingine. Kwa kuwa diski ndiyo iliyokuwa njia kuu ya filamu kuingiza kipato, kuuza masta na kuuza filamu vilikuwa jambo lilelile. Simu janja, flashi na intaneti vimeiua diski, lakini fikra ya diski imebaki vichwani, na ndiyo inayowafilisi watu hadi leo.

Ukweli ni kwamba filamu ni mkusanyiko wa haki zinazoweza kutenganishwa. Iko haki ya kuionyesha ukumbini, haki ya televisheni ya kulipia, haki ya televisheni ya bure, haki ya jukwaa la mtandaoni la malipo ya mwezi, haki ya jukwaa linaloendeshwa kwa matangazo, haki ya kuionyesha ndegeni na mabasini, haki ya kuingiza sauti za lugha nyingine, hata haki ya kutengeneza mwendelezo wake. Kila moja hutolewa kwa eneo fulani na kwa muda fulani, ama kwa upekee, yaani kwa mnunuzi mmoja tu, au bila upekee. Chaneli ya king'amuzi, iwe Sinema Zetu ya Azam au Maisha Magic Bongo ya DStv, haihitaji kuimiliki filamu yako ndipo iirushe. Inachohitaji ni leseni. Ikiomba upekee wa televisheni Afrika Mashariki kwa miaka miwili, bado haijamgusa mtazamaji aliyeko Marekani, wala ukumbi wa sinema, wala kipato kitakachopatikana miaka hiyo miwili ikishapita. Mwenye mtumbwi angeuza mtumbwi wake kwa bei ya dagaa wa usiku mmoja, angechekwa na soko zima la samaki la Mwaloni. Mwenye filamu akifanya hivyohivyo hupigwa picha akisaini.

Mteja wangu mmoja wa Igoma aliniletea mkataba ambao tayari alikuwa ameusaini. Ulikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulitaja malipo, na huo aliusoma vizuri. Ukurasa wa pili, katika kifungu kifupi cha mistari mitatu, ulimpa mnunuzi haki zote, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki, yaani muda unaohesabiwa kwa miongo. Yeye alidhani ametoa ruhusa ya kurushwa kwenye televisheni. Alipoipandisha filamu kwenye chaneli yake mwenyewe ya YouTube, ikaondolewa kwa malalamiko ya mnunuzi, na mnunuzi alikuwa na haki kisheria. Sikuwa na la kumsaidia zaidi ya kumweleza kilichomo katika karatasi aliyoisaini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza ni haki ipi, eneo lipi, muda gani, na ni kwa upekee au la. Kisha uliza swali ambalo halimpendezi mnunuzi yeyote: ikiwa haki fulani haitatumika ndani ya mwaka mmoja, je, itarudi kwangu? Mkataba usio na tarehe ya kuisha mimi huurudisha bila kujadili bei, na wateja wanaoniona mkorofi kwa hilo wako huru kwenda kwingine.

Jambo la pili linaambatana na hilo: huwezi kukodisha usichokishika. Msambazaji makini atakuomba makubaliano ya maandishi na mwandishi wa muswada, waigizaji na mtunzi wa muziki. Hapa kwetu tunarekodi na marafiki, tunalipana chakula na nauli ya bodaboda, na karatasi tunaziahirisha hadi filamu itakapopata jina, siku ambayo kila rafiki atakuwa amepata mshauri wake. Sainisheni kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi. Na biti uliyoipakua mtandaoni, ukaiweka chini ya tukio la mwisho kwa sababu "ni ya bure", ina mwenyewe. Mfumo wa YouTube wa kutambua sauti utamtafuta na unaweza kumkabidhi mapato ya filamu yako nzima.

Halafu yako mambo ya kiufundi, ambayo watu huyadharau mpaka yanapowakwamisha. Mnunuzi anayetaka kuingiza sauti za Kifaransa kwa ajili ya watazamaji wa Kongo anahitaji muziki na milio vikiwa pekee, bila mazungumzo. Nimeona mauzo ya namna hiyo yakivunjika kwa sababu mhariri alikuwa ameunganisha sauti zote katika faili moja, kisha akaufuta mradi mzima ili apate nafasi ya kuhariri harusi. Diski ngumu mbili, katika nyumba mbili tofauti; hilo nalisema kwa kila mteja, hata asiyeuliza.

"Nitaipandisha YouTube, hela itaingia yenyewe"

Ili upate mgawo wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ukiacha njia ya video fupi ambayo haihusiani na filamu ndefu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa mtazamaji wa kawaida anaacha filamu yako baada ya dakika 10, unahitaji kutazamwa mara 24,000 kabla ya kupata senti ya kwanza. Ukishakubaliwa, mgawo wako ni asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwa video ndefu, na fedha hazitumwi hadi zifike kiwango cha chini, ambacho kwa wanaolipwa kwa dola ni 100. Mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya huko, ambayo kwa Mtanzania hufika asilimia 30 kwa kuwa nchi zetu hazina mkataba wa kodi. Na asiyejaza fomu za kodi anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote. Wapo wanaoishi vizuri kwa YouTube, na wengi wao wanatoa tamthilia za vipande kila wiki. Filamu moja ya dakika 90 iliyopandishwa na kuachwa hapo ni habari nyingine.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaihesabu. Matamasha mengi makubwa hutaka onyesho la kwanza, la dunia au angalau la bara, na mnunuzi wa haki za upekee hawezi kulipia kitu ambacho mtaa mzima umekwishakitazama bure. *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Nafasi ya namna hiyo haipatikani kwa filamu iliyokwisha kuanikwa mtandaoni. YouTube iwe kituo cha mwisho cha safari.

"Nikipata kamera ya 4K, Netflix watanunua"

Hapana. Netflix haipokei kazi zinazotumwa na mtu asiyefahamika kwao. Hupitia kwa wakala au mtayarishaji ambaye tayari wana uhusiano naye. Orodha ya kamera zilizoidhinishwa, ambayo vijana wanaikariri, inahusu kazi ambazo jukwaa lenyewe limeziagiza. Na wanaosema kwamba majukwaa ya nje yanaigombea Afrika wanarudia habari za zamani: Amazon ilisitisha kuagiza kazi mpya barani humu Januari 2024. Fedha ya kamera, nunua maikrofoni. Filamu inayorekodiwa karibu na barabara ya Makongoro, honi za daladala zikimeza mazungumzo, hurudishwa na wakaguzi wa ubora bila kujali picha yake ni safi kiasi gani.

"Wanaotuua ni wenye vibanda umiza"

Kuonyesha filamu kwa kiingilio bila ruhusa ya mwenye haki ni kosa, sitetei. Lakini nimewauliza watayarishaji wengi ni lini waliwahi kumfuata mwenye kibanda wakiwa na filamu mpya, bei ya siku na karatasi ya ruhusa, na jibu huwa kimya. Wenye vibanda wa Nansio, Sengerema na kwenye kambi za wavuvi visiwani wana viti, jenereta na watazamaji waliozoea kulipa. Hakuna anayewapelekea kitu halali cha kununua. Haki ya maonyesho ya hadhara ni mojawapo ya zile haki nilizozitaja mwanzoni, nayo haimhitaji mtu wa Dar es Salaam. Ushauri wangu, ambao baadhi ya wenzangu wanauona wa kizamani, ni kuizungusha filamu kando ya ziwa wewe mwenyewe, ukisimama mlangoni na kuhesabu vichwa, kabla ya kuipeleka kwenye televisheni. Mnunuzi wa chaneli akiona daftari la viingilio vya maonyesho 20 hujadili bei kwa namna nyingine kabisa.

"Sijasajili COSOTA, kwa hiyo sina hakimiliki"

Hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni ushahidi, na ni ushahidi mzuri, kwa hiyo nenda ukasajili. Kibali cha kurekodi na upangaji wa daraja la umri ni vya Bodi ya Filamu, ambayo ni ofisi tofauti yenye sheria yake, na cheti cha COSOTA hakichukui nafasi yake. Kibali hicho kiombwe kabla ya kamera kuwashwa.